Sauti ya Mkono wa Kushoto



Mwezi huu twataka kulitazama jambo lionekanalo kuwa dogo, jambo la vinanda na vidole; lakini ndani yake limo swali kubwa limpasalo kila mtu afanyaye kazi, awe mpiga kinanda au asiwe. Swali ndilo hili: Kazi isiyosikika na mtu ye yote, je, yatupasa kuifanya vizuri? Na kama yatupasa, ni kwa sababu gani, ikiwa masikio ya watu hayapambanui kati ya iliyofanywa vizuri na iliyofanywa ovyo?

Twaona heri tuanze na chombo chenyewe, ili hata msomaji asiyekigusa kamwe apate kutufuata.

Katika sharika nyingi siku hizi kimo kinanda cha umeme, ambacho vijana hukiita kibodi. Hatusemi juu ya kinanda cha zamani cha mivukuto, kilichokanyagwa kwa miguu, wala hatusemi juu ya kila kinanda cha umeme. Twasema juu ya kile chenye wapigaji ndani yake, yaani kinanda kimwandamacho mpigaji kwa ngoma, besi, gitaa na vinginevyo, vyote vikitoka katika chombo kimoja. Katika kinanda hicho mikono imegawanyiwa kazi. Mkono wa kuume hupiga wimbo. Mkono wa kushoto hushika fungu la sauti, yaani sauti tatu au nne zipatanazo, ambalo wapigaji huliita kodi. Wala si kodi ya serikali. Chombo hulisoma fungu lile, kisha huwaamuru wapigaji wake wote walifuate. Katika vinanda vingi vya Yamaha mwandamano huo una sehemu nane: mbili za ngoma, moja ya besi, na tano za vyombo vingine. Zote, isipokuwa za ngoma, hugeuka mara mkono wa kushoto ugeukapo. Na mpaka wa mikono miwili umewekwa kati ya funguo zenyewe: katika kinanda cha namna hiyo chenye funguo 61, mpaka usipohamishwa, kwa kawaida huwa kwenye ufunguo wa 19 kutoka kushoto.

Basi tazameni ajabu yake. Mkono wa kushoto ndio uamuruo, wala hausikiki. Ukishika fungu la do, besi huenda do, na gitaa huenda do, na vyombo vingine vyote huwafuata. Ukikosea, wote hukosea pamoja, maana hawana akili ya kukataa. Lakini sauti ya mkono wenyewe haimo. Ni kama mzee wa baraza asiyepaza sauti, naye ndiye aamuaye. Wahenga walisema, Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Hata hivyo, waliotengeneza vinanda hivi waliweka na kitufe kingine, cha sauti ya kushoto. Mpigaji akikibonyeza, aweza kuuvika mkono wa kushoto sauti yake wenyewe: ya nyuzi, ya ogani, ya piano, au ya waimbaji. Ndipo kila ufunguo ushikwao husikika kama ulivyoshikwa, pamoja na mwandamano au pasipo mwandamano. Wako wapigaji wasiokigusa kitufe hicho kamwe. Wako na wengine wakiwashao siku zote, kwa nguvu zote. Nasi tumeulizwa mara nyingi, Yupi kati yao afanya vema? Hatuwezi kujibu kabla ya kuonyesha ni nini kifichwacho na chombo, na ni nini kifunuliwacho na kitufe hicho.

Chukueni wimbo mwepesi wenye mafungu matatu tu, ambayo kila mwanakwaya ayajua: do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re. Mpigaji aliyefundishwa hushika do-mi-so. Akitaka kwenda fungu la fa, haurushi mkono. Huiacha do mahali pake, huipandisha mi hata fa, na so hata la. Akitaka kutoka do-mi-so kwenda fungu la so, huiacha so mahali pake, huishusha do hata ti, na mi hata re. Hivyo kila sauti yatembea hatua fupi, kama mtu apitaye juu ya mawe ya mtoni. Mpigaji asiyefundishwa huukaza mkono kwa umbo moja tu, akauinua mzima kutoka do mpaka fa, na kutoka fa mpaka so, kama mtu aruhusuye miguu yote miwili iruke pamoja.

Sasa, chombo chasema nini juu ya watu hao wawili? Chasema neno moja tu. Kwa njia ya kawaida ya kusoma vidole, fungu la fa ni fungu la fa, ziwe sauti zake zimepangwa hivi au hivi. Wapigaji walio ndani ya chombo watatoa muziki ule ule kwa mkono uliotembea na kwa mkono uliorukaruka. Hata iko njia ambayo kwayo kidole kimoja chatosha: ufunguo mmoja hutoa fungu kubwa zima, na ukiongeza ufunguo mweusi ulio karibu upande wa kushoto, hupata fungu dogo. Chombo hakiulizi zaidi. Ni bwana mpole mno, awalipaye mshahara sawa mlimaji na mkwatuaji.

Lakini mpigaji akiwasha sauti ya kushoto, mara mambo yote hutoka nje. Aliyetembea husikika kama waimbaji watatu wanaopokezana njia kwa adabu. Aliyerukaruka husikika kama mzigo ugongao kila kona. Mafungu ni yale yale, na ngoma ni ile ile. Ila sasa ukweli wa mkono umepewa kinywa.

Hapa ndipo swali letu lianzapo. Mwenye mkono uliorukaruka aweza kutujibu hivi: "Basi, nitakizima kitufe. Wasikiao hawapotewi na kitu. Nimewadhulumu nini?" Jibu hili lina nguvu, wala tusilipite mbio. Tena mwenye kulisema si mvivu sikuzote. Pengine ni kijana aliyejifunza peke yake, usiku, baada ya kazi ya shamba au ya duka, pasipo mwalimu. Hatumlaumu kwa asilolijua. Lakini neno lake latupasa tulipime.

Wako wamjibuo kwa ukali, wakisema ya kuwa chombo chenyewe ni udanganyifu, na kwamba mpigaji wa kweli hufanya yote kwa mikono yake. Nasi hatukubaliani nao. Hamu ya kupewa msaada upande wa kushoto si ya leo. Mwaka 1829, mjini Vienna, Cyrill Demian alipata hati ya serikali kwa ajili ya akodioni yake, na kila ufunguo wa chombo kile ulitoa fungu zima la sauti kwa kidole kimoja. Mwaka 1950 kampuni ya Hammond ya Marekani ilitoa ogani yenye vifungo vya kodi kwa mkono wa kushoto. Na tangu zamani mpiga ogani kubwa ya kanisa hakupiga peke yake. Nyuma ya ukuta alikuwako mtu mwingine akikanyaga mivukuto, naye akichoka, ogani ilinyamaza. Kupokea msaada si uongo. Uongo ni kudai kuwa kazi ya msaidizi ni yako. Mpigaji asifiwaye kwa ngoma nzuri, naye akanyamaza kana kwamba vidole vyake ndivyo vilivyozipiga, huyo amejitwalia kisicho chake. Lakini kosa hilo li katika kinywa chake, si katika kinanda.

Kwa hiyo hatumjibu ndugu yetu kwa kukitukana chombo. Twamjibu kwa mambo matatu.

Jambo la kwanza: si kweli kwamba wasikiao hawapotewi na kitu. Yuko mtu mmoja apotewaye, naye ni mwimbaji wa sauti ya tatu. Sauti ya kwanza hufuata mkono wa kuume, maana wimbo u huko. Sauti ya nne hufuata besi, ambayo chombo huipiga wazi. Lakini mwimbaji wa sauti ya tatu hana nguzo. Vyombo vya mwandamano huchezacheza juu na chini kwa desturi ya ngoma waliyotungiwa, si kwa njia ya sauti za wimbo huu. Yeye hutafuta sauti yake katikati, kama mtu atafutaye kizingiti gizani. Mkono wa kushoto ukisikika kwa upole, nao ukitembea hatua fupi kama tulivyoeleza, ataisikia njia mbele yake, naye ataimba pasipo kumtazama jirani yake midomo. Hivyo kazi iliyodhaniwa kuwa haimsaidii mtu, kumbe yamsaidia yeye aliyesahauliwa. Nasi twadhani mambo mengi ya dunia yako hivyo. Tusemapo, "Hapana mtu aonaye hasara," mara nyingi maana yake ni kwamba hatujauliza kila mtu.

Jambo la pili: mwandamano hukoma. Nyimbo zetu za zamani zilizotoka Ujerumani zina mahali pa kupumzika mwishoni mwa mistari, ambapo watu wote huishika sauti na kuvuta pumzi. Ngoma ya chombo haijui kupumzika huko. Saa yake haingojei mapafu ya wazee. Mpigaji mwenye busara huuzima mwandamano katika nyimbo kama hizo, akabaki na mikono yake miwili tu. Vilevile wakati wa kuingia kwa kimya, na wakati wa maziko, ambapo ngoma haipendezi. Saa hiyo hakuna besi wala gitaa wa kumfunika. Sauti ya kushoto yawashwa kwa lazima, na mkono husikika kama ulivyozoea kuwa. Je, mkono uliorukaruka mwaka mzima penye ngoma, utajifunza kutembea siku ya maziko? Mazoea hayafanywi siku ya haja. Mtu hujenga yale atakayosimama juu yake siku zile ambazo hakuna amtazamaye.

Jambo la tatu ndilo zito kupita yote. Mkono wa kushoto katika kinanda hiki ni mkono wa amri. Aamuruye asijisikie mwenyewe, huyo yuko hatarini. Tumesema ya kuwa wapigaji walio ndani ya chombo hawawezi kukataa. Mpigaji akitoa amri mbaya, huitimiza kwa ustadi uleule. Akitoa amri kwa kuchelewa, huchelewa pamoja naye. Na kwa kuwa wao husikika vizuri daima, yeye huanza kudhani kuwa yeye ndiye apigaye vizuri. Sikio lake huacha kuuliza mkono wake wafanya nini. Baada ya muda si yeye aongozaye tena. Yeye huingojea ngoma imwambie lini ageuze kidole, na aliyekuwa bwana amekuwa mtumishi wa watumishi wake.

Je, hili ni la vinanda tu? Mwalimu mkuu aliye na walimu wema chini yake, baba aliye na mke hodari, mwenyekiti aliye na karani mwaminifu: wote hawa hutoa amri, na amri zao hutoka zikiwa zimevikwa kazi nzuri ya wengine. Ni rahisi kwao kufikiri kuwa neno lao lilikuwa zuri tangu mwanzo, kumbe lilitengenezwa njiani na watu wenye subira. Mtu wa namna hiyo ahitaji mara kwa mara kulisikia neno lake likiwa uchi, pasipo ngoma. Wala hatujui dawa nyingine ya kiburi hicho iliyo nyepesi kama hii, kuuzima mwandamano na kusikiliza.

Basi, je, twasema kwamba yafaa sauti ya kushoto iwashwe siku zote? Hasha. Hapa twageuka upande wa pili, maana wako waliosikia neno la kwanza tu, nao hukiwasha kitufe na kukipandisha sauti mpaka waimbaji hawasikiki.

Ziko sababu za maumbile zikatazazo. Upande wa kushoto wa kinanda cha funguo 61, hata penye mpaka tulioutaja, una sauti nzito, kutoka mitetemo 65 hivi kwa sekunde mpaka 185 hivi. Sauti tatu zikibanwa karibu karibu huko chini, sikio haliwezi kuzitenga; hutoka mngurumo kama wa pipa likiviringishwa. Kwa hiyo mwenye kuitumia sauti ya kushoto aipandishe oktava moja, chombo kimempa njia hiyo. Au afungue vidole vyake vipate nafasi. Tena achague sauti laini, ya nyuzi au ya ogani ndogo, isiyogonga. Na kiasi chake kiwe chini ya mkono wa kuume: kuume kukiwa 100, kushoto kwatosha 60, na pengine pungufu. Na kama mwandamano uliochaguliwa umejaa nyuzi tayari, azime kabisa sauti ya kushoto, kwa maana kujaza kilichojaa ni kumwaga. Viko na vinanda vyenye njia ya kuishikilia sauti ya kushoto hata mkono ukiinuliwa; hiyo nayo ni msaada mwema kwa mwenye kiasi, lakini asiye na kiasi huufanya wimbo wote kuwa ukungu.

Kwa hiyo twatofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kupimwa na kuonekana. Mkono wa kushoto wapaswa kupimwa sikuzote. Haupaswi kuonekana sikuzote. Nyumbani na katika mazoezi, mpigaji auzime mwandamano, awashe sauti ya kushoto peke yake, naye asikilize kila hatua ya vidole vyake mpaka asione haya. Mbele ya watu, aiwashe kwa kadiri ya haja ya waimbaji, wala si kwa kadiri ya hamu yake ya kusikiwa. Aliyejipima faraghani aweza kunyamaza hadharani pasipo hasara, kwa kuwa kimya chake kina kitu ndani yake. Lakini asiyejipima, kimya chake ni maficho, na kelele zake ni maficho pia.

Kila msomaji alijua neno la Bwana wetu juu ya sadaka, lililotaja mkono wa kushoto na wa kuume na kutojuana kwao. Wengine wamelichukua kana kwamba lafundisha mkono mmoja kutofanya kazi. Sivyo. Lafundisha mkono kufanya kazi yake yote pasipo kuitangaza. Na hilo ndilo twalisema juu ya kinanda.

Neno moja tena, kabla ya kumaliza. Katika desturi zetu mkono wa kushoto haukuheshimiwa. Hatupokei nao chakula, wala hatumpi mgeni salamu kwao, na mtoto autumiaye hukemewa. Lakini mambo yasiyoheshimiwa hubeba mengi. Paul Wittgenstein wa Vienna, mpiga piano, alipoteza mkono wake wa kuume katika vita mwaka 1914. Hakuacha kupiga. Aliwaomba watungaji wamtungie muziki wa mkono wa kushoto peke yake, na mmoja wao, Maurice Ravel wa Ufaransa, alimtungia kazi kubwa ya piano na okestra, iliyopigwa mara ya kwanza mjini Vienna mwezi wa Januari 1932. Uwezo ule haukuumbwa siku ya jeraha. Mkono wa kushoto wa mtu yule ulikuwa umefanya kazi miaka mingi chini ya ule wa kuume, pasipo sifa, ukijifunza. Wa kuume ulipoondoka, ulikutwa tayari.

Ndugu zetu walimu wa kwaya, twawaombeni jambo moja. Mnapomfundisha kijana kinanda, msianze na ngoma, ijapokuwa ngoma ndiyo iliyomvuta. Mpeni mafungu matatu ya sol-fa tuliyoyataja, na sauti ya nyuzi kwa mkono wa kushoto, na mwandamano umezimwa. Mwambieni aende kutoka do hata fa na kurudi, na kutoka do hata so na kurudi, mpaka hatua ziwe fupi na sauti zisikatike. Mwiteni mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu asimame karibu naye, amfuate. Yule mwimbaji akiipata njia yake pasipo kuhangaika, kijana amekwisha kujua jambo kubwa. Ndipo mwasheni ngoma, nayo haitamdhuru.